Je, Wajua? Gari la Umeme Hunywa Likiwa Limelala

Nimesimama kando ya kibanda kimoja jijini Nairobi, vumbi na honi vimetawala, nikimtazama kijana wa bodaboda akichomoa betri tumboni mwa pikipiki yake. Ameishika kwa mpini kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Anaisukuma ndani ya kabati lenye vyumba kama masanduku ya posta, anavuta nyingine kutoka chumba cha pili, anaipachika, anafunga kiti. Dashibodi inawaka. Namuuliza swali ambalo kila mtu huuliza: hii betri huchukua saa ngapi kujaa? Anavaa helmeti huku akicheka.

"Mzee, gesi ikiisha nyumbani, wewe hukaa chini ukingoja mtungi ujazwe?"

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza saa ngapi. Siku hizi nauliza: chombo chako hulala wapi? Haya yafuatayo niliyaokota njiani nikitafuta majibu.

Je, wajua kwamba kubadilisha betri ni mambo ya kale?

Mwaka 1897 mitaa ya New York ilikuwa na teksi za umeme. Betri zake za risasi zilikuwa nzito kupita nguvu za wanaume wawili, kwa hiyo teksi iliingia kituoni, mitambo ikachomoa betri iliyokwisha na kupachika iliyojaa, dereva akarudi kutafuta abiria. Mwaka 1910 kampuni ya umeme ya mji wa Hartford, hukohuko Marekani, ikaja na mpango mwingine: mteja alinunua lori bila betri, betri ikabaki mali ya kampuni, naye akalipa ada ya mwezi pamoja na malipo ya kila maili aliyotembea. Huduma hiyo ilidumu hadi mwaka 1924.

Leo mwenye matatu anayechukua basi la umeme la kampuni ya BasiGo jijini Nairobi hulipia betri na chaji kwa kilomita. Wengi wanaona ni jambo la mwaka 2022, basi hilo lilipoingia barabarani. Kumbe wenye malori wa Hartford walishalizoea zaidi ya karne moja iliyopita.

Je, wajua kwamba mke wa Henry Ford aliendesha gari la umeme?

Mumewe alijaza dunia magari ya petroli, lakini Clara Ford alitembelea Detroit Electric. Magari ya petroli ya zama hizo yaliwashwa kwa kuzungushwa mpini kwa mkono, na mpini uliweza kurudi nyuma ghafla ukavunja mkono wa mwenye gari. La umeme liliwaka kimya. Kilichoipa petroli ushindi ni pamoja na kifaa cha umeme: stata, ambayo Charles Kettering aliibuni na Cadillac wakaanza kuifunga katika magari yao mwaka 1912. Umeme ulimfungulia mpinzani wake mlango.

Je, wajua kwamba Kigali haisajili tena pikipiki mpya za abiria za petroli?

Kanuni hiyo ilianza Januari 2025. Miaka sita kabla yake, mwaka 2019, kampuni ya Ampersand ilikuwa imeanza biashara ya pikipiki za umeme na vituo vya kubadilishia betri mjini humo. Ukitaka kujua kwa nini mtindo wa mtungi wa gesi umewafaa zaidi wenye pikipiki kuliko wenye magari, rudi kwenye swali letu. Pikipiki ya abiria haina usingizi wa mchana. Kila dakika inayosimama ni hela iliyopotea. Basi ikiwa chombo hakiwezi kulala, betri ndiyo hulala kwa niaba yake, kabatini, ikinywa taratibu wakati mwenzake yuko barabarani.

Gari la familia ni kinyume chake. Hesabu saa: nusu saa kwenda kazini, nusu saa kurudi, pengine saa moja ya sokoni na kanisani au msikitini. Saa zaidi ya 20 kati ya 24, limesimama.

Je, wajua kwamba soketi ya pasi inatosha kwa madereva wengi?

Chukua soketi ya kawaida ya nyumbani, volti 230. Gari likivuta ampea 10, hiyo ni kilowati 2.3, sawasawa na pasi au birika la umeme. Kwa saa nane za usiku hupata uniti 18 hivi. Gari dogo la umeme hutembea kama kilomita 6 kwa uniti moja, kwa hiyo asubuhi una zaidi ya kilomita 100 ulizozipata ukiwa unakoroma. Ni wakazi wachache wa Dar es Salaam au Mombasa wanaoendesha kilomita 100 kila siku ya kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ila pasi huwaka dakika 20 ikazimwa. Gari huvuta mzigo uleule usiku kucha. Eksitensheni nyembamba iliyokunjwa chini ya zulia, au soketi iliyolegea hadi plagi inacheza, itapata moto. Kabla ya kuchomeka gari, mwite fundi umeme akague waya, akufungie soketi ya peke yake yenye swichi yake ya kukata. Kisha baada ya saa moja weka kiganja juu ya plagi: vuguvugu si neno, lakini ikikuunguza, chomoa.

Je, wajua kwamba chaja ya ukutani si chaja?

Lile sanduku linalofungwa ukutani, ambalo wauzaji huliita chaja, kazi yake ni ya bawabu. Umeme wa majumbani kwetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Betri haiupokei hivyo. Inataka umeme wa kwenda upande mmoja tu. Kifaa cha kuugeuza kimo ndani ya gari lenyewe, na hicho ndicho chaja hasa. Sanduku la ukutani hupima, huruhusu, na hukata hatari ikitokea.

Kwa hiyo kununua sanduku kubwa hakukusaidii kitu kama chaja iliyo ndani ya gari lako ni ndogo. Chaja za kasi za barabarani ndizo hugeuza umeme nje ya gari na kuumimina moja kwa moja kwenye betri. Ndiyo maana zina mwili wa kabati la nguo na bei isiyoshikika.

Je, wajua kwamba waya hupiga hodi kabla ya kuingia?

Watu wengi huniuliza: mvua ikinyesha, si utarushwa? Itazame plagi inayotumika Ulaya na katika magari mengi yanayoletwa kwetu. Ina matundu saba, makubwa matano na madogo mawili. Umeme wa kuchaji hupita kwenye makubwa, lakini mazungumzo hupita kwenye dogo.

Plagi ikiwa inaning'inia hewani, matundu makubwa hayana kitu. Tundu dogo lina volti 12 tu, kama za betri ya gari la kawaida. Ukiichomeka, gari hushusha volti hizo hadi 9. Hiyo ni hodi. Gari likijiridhisha kuwa kila kitu kiko sawa, huzishusha tena hadi 6. Hiyo ni karibu. Hapo tu ndipo utasikia "tak!" ndani ya sanduku la ukutani, swichi kubwa inajifunga, na umeme unaanza kutembea. Ukichomoa ghafla, pini ndogo hutengana kabla ya zile kubwa, kwa hiyo umeme hukatwa kabla vyuma vyenye nguvu havijaachana. Birika lako la chai halina adabu hiyo.

Je, wajua kwamba betri hujaa kama daladala?

Daladala tupu ikifika kituoni, abiria wa kwanza hukaa popote wanapotaka, kwa sekunde. Ikikaribia kujaa, kondakta anaanza: songeni nyuma, mwenye mzigo pakata, watatu watatu hapo. Abiria watano wa mwisho hula muda kuliko kumi wa mwanzo. Chembe za lithiamu nazo hutafuta nafasi hivyohivyo. Zikisukumwa kwa nguvu wakati viti vimejaa, huiumiza betri, kwa hiyo kompyuta ya gari hupunguza kasi yenyewe.

Ndiyo sababu matangazo ya magari hutaja muda wa kutoka asilimia 10 hadi 80 na kukaa kimya kuhusu zile 20 za mwisho. Ukiwa safarini kwenye chaja ya kasi, ondoka kwenye 80. Kumngoja abiria wa mwisho ni kazi ya usiku, nyumbani.

Je, wajua kwamba kasi ya ajabu ina mlipaji wake?

Machi 2025 kampuni ya BYD ya China ilitangaza chaja ya kilowati 1,000, na gari ambalo kwa dakika tano hupata umeme wa kutembea takriban kilomita 400. Hiyo ni karibu sawa na muda wa kujaza tangi sheli. Lakini tazama juu ya nguzo ya mtaani kwenu. Transfoma ya kilovolti-ampea 315 ni ya kawaida, nayo huhudumia nyumba nyingi, mashine ya kusaga na saluni juu. Gari moja kwenye chaja ile lingehitaji zaidi ya transfoma tatu za namna hiyo peke yake.

Kwa mabasi ya masafa marefu na malori, kasi hiyo ni ukombozi. Kwa mwalimu anayeendesha kilomita 25 kwa siku, ni kama kuita zimamoto kuja kujaza ndoo.

Je, wajua kwamba Kenya ina mvuke unaopotea usiku?

Hili ndilo jambo lililonigeuza kabisa. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, na leo joto la ardhi ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Kenya. Mvuke haujui saa. Hupanda mchana na usiku kwa nguvu ileile. Binadamu ndio hubadilika: saa moja hadi saa tatu usiku kila nyumba inapika, taa zinawaka, televisheni inanguruma. Ikifika saa saba za usiku, matumizi ya nchi yameshuka hadi karibu nusu ya kilele kile. Mvuke uliokosa mtumiaji huachiwa hewani.

Mwaka 2023 mamlaka ya nishati nchini humo iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku matumizi yanapopungua, kabla ya kodi na tozo nyingine. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, uniti ikawa nusu bei. Kwa bei hiyo betri ya pikipiki yenye uniti tatu ilijazwa kwa shilingi 24 kabla ya tozo hizo. Bei hiyo ilikuwa njia ya serikali kuwaambia wenye magari: mvuke huu tunaumwaga, njooni na vibuyu.

Tanzania nayo imeonja hali hiyo. Mapema mwaka 2024, mitambo ya kwanza ya Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji ilipoanza kazi huku mvua zikiwa nyingi, baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi iliyozoea kuulizana "mgao umerudi?" ikajikuta na ziada. Bwawa hilo lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Usiku wa manane, magari yaliyolala yakiwa yamechomekwa ndiyo wateja bora wa maji yale.

Ethiopia haikusubiri. Januari 2024 ilitangaza kuzuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mafuta hununuliwa kwa dola. Maji ya Nile ya Buluu yako nyumbani.

Je, wajua kwamba nguzo ya taa inaweza kuwa sheli?

Swali la gari hulala wapi lina makali yake kwa mpangaji. Mwenye nyumba yenye ukuta na geti hana shida. Lakini anayeishi ghorofa ya nne, gari likilala barabarani chini ya mwarobaini, atashushia waya dirishani? London ina wakazi wengi wa namna hiyo. Jibu lao moja limekuwa nguzo za taa za barabarani, ambazo tayari zina umeme ndani yake. Taa zilipobadilishwa kuwa za LED, zilianza kula umeme kidogo, nafasi ikabaki kwenye waya. Mwaka 2020 nguzo 24 za Sutherland Avenue, mtaa wa Westminster, ziligeuzwa kuwa vituo vya kuchaji. Mkazi anafika, anachomeka kwenye nguzo, anapanda nyumbani kulala.

Kwetu nguzo hiyo inaweza kuwa ya maegesho ya kanisa, ya soko, au ya uwanja wa yule mzee anayelinda magari usiku kwa malipo. Huyo mzee, akipata soketi na mita yake, ndiye mwenye sheli wa kesho.

Je, wajua kwamba aina moja ya plagi ilipewa jina kwa mzaha wa chai?

Wajapani walipotengeneza plagi yao ya kuchaji kwa kasi waliiita CHAdeMO. Jina hilo linachezea maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai, maana chaji ilichukua muda wa kikombe kimoja. Mzaha huo una uzito kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki. Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, ukifungua kifuniko cha puani, utakuta matundu mawili: la CHAdeMO na dogo la kuchajia taratibu. Magari mengi mapya kutoka China au Ulaya yana matundu tofauti kabisa. Dunia haijaafikiana plagi moja.

Kwa hiyo kabla ya kukagua tairi na boneti, fungua kifuniko cha chaji. Uliza mtaani kwenu, na kwenye njia unayosafiri, kuna plagi gani.

Je, wajua kwamba lipo lori ambalo halihitaji kuchajiwa?

Liko kwenye machimbo ya mawe karibu na mji wa Biel, Uswisi. Hupanda mlima tupu na kushuka na mzigo wa tani kama 65. Likishuka, mota zake hugeuka jenereta, breki inazaa umeme, betri inajaa. Kwa kuwa hushuka zito kuliko lilivyopanda, linaweza kufika chini na umeme wa ziada. Gari lako haliwezi kufanya muujiza huo, lakini ukishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni au kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, utaona asilimia za betri zikipanda badala ya kushuka. Mlima hurudisha sehemu ya ulichoulipa.

Je, wajua kwamba gari linaweza kuwasha nyumba?

Machi 2011 tetemeko na tsunami vilipoipiga Japani, petroli ilikauka vituoni, na maeneo mengi yalirudishiwa umeme kabla mafuta hayajafika. Nissan na Mitsubishi zilipeleka magari ya umeme kusaidia kazi ya uokoaji. Mwaka uliofuata Nissan ikaanza kuuza kifaa cha kuliwezesha gari aina ya Leaf kuilisha nyumba umeme. Piga hesabu ya kwetu: betri ya uniti 40, nyumba inayotumia uniti 5 kwa siku. Hizo ni siku nane za friji, taa na chaji za simu, bila jenereta kunguruma uwani. Si magari yote yana uwezo huo. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba Waswahili wapo ndani ya betri?

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kolwezi na Lubumbashi huzungumza Kiswahili chao cha Katanga. Mahenge, mkoani Morogoro, kuna hazina kubwa ya grafati, madini yanayotengeneza upande mmoja wa betri, na nikeli imelala Kabanga, wilayani Ngara. Wachimbaji wadogo wa kobalti wameilipia kazi hiyo kwa mapafu na kwa mashimo yaliyowafukia. Betri za chuma na fosfeti, ambazo zimeenea sana katika magari ya China, hazina kobalti wala nikeli kabisa. Habari njema kwa mnunuzi wa Nairobi huenda zikawa habari nyingine kwa mchimbaji wa Kolwezi.

Na la mwisho: je, wakumbuka simu ya kwanza kijijini?

Ilichajiwa dukani. Mwenye duka alikuwa na rafu ya mbao, na juu yake simu zimepangwa, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe, nyaya zikitambaa kama mizizi kutoka kwenye betri ya lori. Uliacha simu asubuhi, ukalipa, ukaifuata jioni. Wakati ule tulibishana sana: inachukua saa ngapi? Anachaji hadi ijae au anatuibia?

Kisha paneli ndogo za jua zikapanda juu ya mapaa, nguzo za umeme zikafika, na ugomvi ukaisha bila mtu kutangaza mshindi. Hakuna simu iliyojaa kwa dakika moja. Zilianza tu kulala nyumbani, kando ya mto wa kitanda. Yule mwenye duka aliondoa rafu yake akaweka vocha, halafu pesa kwa simu. Nadhani sasa yuko mahali fulani anatazama kiwanja chake kitupu pembeni ya barabara, akihesabu magari mangapi yangeweza kulala pale.